Mwongozo kamili: rekodi sura ya kitabu cha sauti ukiwa Moshi au Arusha, na faili lisirudishwe

Wadau, swali limekuwa lile lile. Mtu anachukua sura LibriVox, ule mtandao wa vitabu vya sauti vya bure, anarekodi, anapakia, siku mbili tatu faili linarudi na maelezo mafupi ya Kiingereza, alafu ananiandikia: "tatizo ni hii lafudhi yangu ya Kichaga eeh?" Sio lafudhi. Pale hakuna anayekataliwa kwa lafudhi, wapo wasomaji wa kila namna duniani na msikilizaji anayekagua kwa kawaida haruhusiwi hata kukukosoa unavyosoma, labda umwombe mwenyewe. Mafaili ya watu wa huku yanarudi kwa sababu za kijinga tu: chumba kina kelele, sauti iko chini, mwisho hakuna ukimya, au sentensi imesomwa mara mbili na ile mbovu haijakatwa. Zote zinatibika, na nyingi zinatibika kabla hujabonyeza kurekodi.

Historia ya LibriVox utaitafuta mwenyewe. Cha kujua ni hiki: watu wanajitolea kusoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha, rekodi nayo inakuwa mali ya umma, inahifadhiwa Internet Archive, maktaba kubwa ya mtandaoni, anayetaka anasikiliza bure. Hakuna malipo hata mia. Na elewa neno "mali ya umma" maana yake nini, mtu akiichukua sauti yako kesho akaiuza kwenye sidii au akaiweka YouTube na matangazo, hujaibiwa, ulishairuhusu. Kama hilo litakunyima usingizi basi usianze, mimi sioni aibu kukwambia.

## Vifaa, vipange kabla ya yote

- Kompyuta yoyote inayofungua Audacity, programu ya kurekodi na kuedit sauti, bila kukwama. Haihitaji kuwa mpya.
- Maiki ya USB. Hata ile hedseti ya USB ya wahudumu wa simu inatosha kuanzia. Maiki ya ndani ya laptopu isahau, inashika feni na keyboard kuliko inavyokushika wewe.
- Hedifoni za waya, zinazofunika sikio. Za bluetooth hapana, ukiwasha maiki yake sauti inashuka ubora papo hapo.
- Blanketi nzito mbili au tatu. Za mitumba, Memorial kwa wa Moshi, Kilombero kwa wa Arusha. Usinunue zile nyepesi za kung'aa, hazizuii kitu.
- Soksi ndefu ya nailoni, ile ya akina mama, na kipande cha waya cha kuizungushia duara.
- Audacity na programu ndogo ya kupima faili inayoitwa Checker. Zote bure.
- Bando. Faili la MP3 la dakika 20 ni kama MB 19 au 20, kwa hiyo usiogope, video moja ya vichekesho inakula zaidi.
- Maji ya uvuguvugu, daftari, kalamu.

Wenye simu peke yake: inawezekana, ila kwa masharti. Tafuta app inayorekodi WAV kwa 44.1 kHz, weka simu kwenye hali ya ndege, alafu uhamishe faili kwa waya kwenda kwenye kompyuta ya kuazima au ya steshenari ukaedit huko. Usirekodi kwa voisi ya WhatsApp. Narudia kwa sababu hii inarudisha mafaili mengi mno: voisi ya WhatsApp inabanwa mpaka sauti inakonda, na ukishaibana hakuna programu ya kuinenepesha. Hata kama ulirekodi vizuri pembeni, ukitaka kumtumia mwenzako kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti, sio kama sauti.

## Hatua ya 1: Chagua cha kusoma, na uhakikishe hakimiliki kweli imeisha

LibriVox inafuata sheria ya Marekani kwa sababu mafaili yanakaa huko. Hesabu ni rahisi: chukua mwaka tuliopo, toa 96. Kilichochapishwa mwaka unaoupata au kabla yake kiko huru. Kwa 2026 jibu ni 1930.

Sasa hapa ndo watu wanajikwaa. Sheria ya Tanzania ya 1999 inahesabu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mtu anapiga hesabu, anasema Shaaban Robert alifariki 1962, miaka 50 imeshapita zamani, naenda kumrekodi Kusadikika. Kitabu kile kilitoka 1951. Kwa hesabu ya Marekani ya miaka 95 tangu kuchapishwa kimefungwa mpaka mwisho wa 2046. Utasoma sura zote kwa moyo mmoja na hakitapokelewa.

Mtego wa pili ni tafsiri. Riwaya ya Kiingereza ya 1883 iko huru, lakini tafsiri yake ya Kiswahili ya 1985 ina mwenyewe. Ukitaka kusoma tafsiri, angalia mwaka wa tafsiri.

Mtego wa tatu: utangulizi na maelezo ya mhariri kwenye toleo jipya. Kitabu ulichonunua dukani mjini kinaweza kuwa riwaya ya zamani lakini kurasa ishirini za mwanzo zimeandikwa juzi na profesa ambaye bado yuko hai. Ndo maana kila mradi, yaani kila kitabu kinachorekodiwa LibriVox, unakuja na linki ya maandishi ya kusoma, mara nyingi Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vilivyo huru. Soma kwenye linki hiyo hiyo, usisome kwenye nakala yako ya shule, maana maneno yanatofautiana na anayekagua anaweza kuwa anafuatisha ile ya kwenye linki.

Kwa Kiswahili vilivyo huru vipo ila ni vya zamani sana, mfano hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London 1870, au Desturi za Wasuaheli za 1903 alizozitoa Carl Velten. Sio riwaya, na tahajia yake itakuchosha macho. Kwa sura ya kwanza ushauri wangu ni uchukue ya Kiingereza kwenye mradi wa watu wengi, ule ambao kila mtu anasoma sura moja moja. Waongoza watalii wa Arusha mko wengi mnaoongea Kiingereza kutwa nzima, hii kazi ni yenu kabisa.

Usianze na kitabu kizima peke yako. Sura 40 ni nyingi, utaishia ya sita na mradi utabaki yatima.

*Umefaulu kama:* una linki ya maandishi, unajua mwaka wa kuchapishwa, na sura uliyoilenga haizidi maneno 3,000. Kwa mwendo wa kawaida wa maneno 150 hivi kwa dakika, hiyo ni kama dakika 20.

## Hatua ya 2: Chumba. Hapa tukae kidogo

Maiki nzuri kwenye chumba kibovu inarekodi ubovu kwa ufasaha zaidi. Kwa hiyo kabla hujafikiria kununua maiki ya laki tatu, simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unabaki hewani kidogo, kama kwenye chumba kipya chenye sakafu ya saruji na hakuna pazia, hapo sauti yako itasikika kama unasoma tangazo kanisani. Chumba kinachofaa, kofi linakufa hapo hapo.

Namna ya kuua mwangwi: simamisha godoro ukutani nyuma yako, tundika blanketi moja mbele yako nyuma ya maiki, nyingine juu ya dirisha, hasa kama dirisha ni la vioo vya shata ambavyo havifungi vizuri. Mwenye kabati la nguo kubwa afungue milango akae anaangalia nguo, maiki iwe katikati ya mashati. Watu wanacheka wakiona, lakini hiyo ni studio.

Kelele za nje ndo mtihani wenyewe. Ziorodheshe za mtaa wako, kaa kimya dakika kumi na daftari uandike kila unachosikia na saa yake. Wa Majengo na Pasua mtaandika bodaboda, saluni, fundi wa kuchomelea mageti. Wa Sakina mtaandika magari ya barabara kuu. Wa Kiboriloni siku ya soko msijisumbue kabisa. Kwa wengi wetu muda mzuri ni kuanzia saa nne usiku mpaka kama saa saba, baada ya hapo mbwa wanaanza mikutano yao, jogoo nao wa siku hizi hawajui saa, alafu adhana ya alfajiri. Jumapili asubuhi usiguse.

Friji izime ukiwa unarekodi. Weka funguo za nyumba ndani ya friji kabla ya kuzima, ili usilale ukaisahau na nyama ikaharibika, kwa sababu huwezi kutoka asubuhi bila kuifungua.

Mvua ni habari nyingine. Waongoza watalii wananiambia muda wanaupata Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache, na ndo hiyo hiyo miezi ya masika, mvua inapiga kwenye bati mpaka hujisikii mwenyewe. Hakuna programu inayotoa mvua ya bati, usijidanganye. Tumia siku za mvua kusoma sura kimya kimya, kutafuta matamshi na kuedit. Rekodi mvua zikikatika.

Na baridi ya Arusha ya Juni na Julai: mtu anakaa kurekodi amevaa jaketi la nailoni, kila akigeuza ukurasa mkono unafanya *shwaa*, kwenye hedifoni ni kama mtu anakunja mfuko wa rambo pembeni yako. Vaa sweta la sufi.

Majirani waambiwe mapema, hasa kama mko nyumba ya kupanga na mnatumia ua mmoja. Usiende kwa hasira redio ikiwa tayari inaunguruma. Nenda mchana, kwa adabu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, leo usiku saa nne nitakuwa narekodi, naomba redio ipungue kama saa moja hivi tu."

"Unarekodi nini, gospeli?"

"Kitabu mama, nasoma kitabu."

"Kitabu cha nani saa nne usiku? Haya, ila ukimaliza uje unipige picha za simu yangu hii imejaa."

Anamaanisha umfutie picha. Mfutie. Mwezi mzima utakaa kwa amani.

*Umefaulu kama:* ukirekodi sekunde kumi za ukimya mtupu, kipimo cha Audacity hakivuki desibeli -50. Ukiona -60 kushuka chini una chumba kizuri kuliko wengi.

## Hatua ya 3: Setingi za Audacity

Seti mara moja tu.

1. Mono, sio stereo. Wewe ni mtu mmoja una mdomo mmoja.
2. Kasi ya mradi 44100 Hz.
3. Chagua maiki ya USB kwenye orodha ya kurekodia. Audacity inapenda kurudi yenyewe kwenye maiki ya ndani ukichomoa waya, kwa hiyo angalia kila unapoanza. Igonge maiki kidole taratibu, kama mstari haurushi basi unarekodi kwa maiki nyingine.
4. Kiwango cha maiki: soma kwa sauti yako ya kawaida, vilele vicheze kati ya -12 na -6. Ikigusa sifuri sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka haitengenezeki. Iliyo chini kidogo inapandishwa, iliyopasuka inasomwa upya.

Chomoa chaja ya laptopu. Chaja nyingi, hasa zile za kununua barabarani, zinaleta mngurumo wa chini chini ambao huusikii mpaka uvae hedifoni. Ukirekodi kwa betri unapata na faida nyingine, umeme ukikatika huna habari. Na hata kompyuta ikizima ghafla, ukiifungua Audacity tena itakuuliza kama unataka kurudisha kazi, kubali.

Simu iwe mbali, hali ya ndege. Hata ikiwa kimya, ikitafuta mtandao karibu na waya wa maiki inaacha ule mlio wa *dididi-dididi*.

## Hatua ya 4: Jaribio la dakika moja

Kila msomaji mpya anatakiwa kutuma jaribio la dakika moja kabla ya sura yake ya kwanza kukubaliwa. Wengi wanaliruka wanadhani ni la watoto, na hilo ndo kosa la gharama kubwa, kwa sababu wanakwenda kurekodi dakika 25 zenye mngurumo ambao mtu angewaambia kwenye dakika moja.

Unasoma utambulisho wa kawaida wa LibriVox, unaendelea na kipande chochote kilicho huru, unatoa MP3 kama nitakavyoeleza hatua ya 8, unapakia. Wanakujibu kuhusu ufundi tu: sauti iko chini, kuna mlio, kuna mwangwi. Rekebisha, tuma tena. Kurudishwa kwenye jaribio sio kufeli, ndo kazi yake.

*Umefaulu kama:* wamekuambia jaribio liko sawa. Subiri hilo jibu.

## Hatua ya 5: Chukua sura, alafu isome bila kurekodi

Kwenye ukurasa wa mradi kuna orodha ya sura, zilizo wazi na zilizochukuliwa. Mwandikie mratibu wa kitabu namba ya sura unayoitaka na jina unalotaka lionekane kwenye katalogi. Linaweza kuwa jina lako au la kubuni, ila amua sasa. Kuna muda wa mwisho wa kuwasilisha, usome, na ukiona hutawahi mwambie mapema, hakuna anayekasirika. Wanachochukia ni mtu kukaa na sura kimya.

Soma sura nzima kwa sauti mara moja, na daftari. Andika majina ya watu na miji usiyojua yanatamkwaje, uyatafute. Ukishaamua jina fulani linatamkwa hivi, libaki hivyo mpaka mwisho, msikilizaji anasamehe matamshi ya ajabu lakini hasamehi mhusika mmoja kuwa na majina matatu.

Angalia pia nani anaongea kwenye mazungumzo marefu. Usipojua mapema utaanza sentensi kwa sauti ya babu, ufike mwisho ukute "alisema yule msichana".

## Hatua ya 6: Rekodi

Kula saa moja au mbili kabla, kidogo. Tumbo tupu linalia na maiki inasikia, tumbo lililojaa linakufanya uhemee juu juu. Chai ya maziwa acha, inaacha mdomo na koo vikihisi vizito. Mdomo ukiwa unabofya bofya kwa mate kunywa maji, tufaa la kijani nalo linasaidia.

Kaa shibiri moja kutoka kwenye maiki, na maiki iwe pembeni kidogo ya mdomo, sio mbele kabisa. Ile soksi kwenye duara la waya iwe katikati. Bila hivyo kila "p" na "b" inatoka kama kishindo.

Mpangilio wa faili ni huu:

1. Sekunde 5 za ukimya wa chumba. Usihame, usimeze mate. Utazihitaji kwenye kuedit.
2. Utambulisho. Maneno yake yameandikwa kwenye ukurasa wa mradi, yasome kama yalivyo: kwamba hii ni rekodi ya LibriVox, kwamba ni mali ya umma, alafu jina la kitabu, mwandishi, na sura. Sura ya kwanza ina maneno marefu zaidi ya zinazofuata. Usiongeze salamu, usiseme "mambo vipi wasikilizaji".
3. Sura yenyewe.
4. Kutangaza mwisho wa sura.
5. Ukimya tena.

Ukikosea usisimamishe. Piga kofi dogo au bofya ulimi, nyamaza kidogo, rudi mwanzo wa sentensi usome upya. Kofi linaonekana kwenye mchoro wa sauti kama mwiba mrefu, utalikuta kwa macho bila kusikiliza dakika zote. Anayesimamisha na kuwasha kila akikosea anapata sauti ya vipande vipande, huyu yuko karibu huyu yuko mbali.

Bodaboda ikipita, nyamaza mpaka iishe, rudia sentensi. Usisome juu yake ukitegemea programu itaitoa.

Mwendo: punguza. Karibu kila mtu anasoma haraka mara ya kwanza, kwa woga tu. Na maigizo yawe kiasi, huhitaji sauti kumi za wahusika kumi, ukibadilisha kidogo tu inatosha. Ukiona sauti inaanza kukwaruza pumzika, maliza kesho saa ile ile, kwa sababu sauti ya asubuhi na ya usiku ni watu wawili.

Na hili naulizwa sana siku hizi: hapana, sauti ya kompyuta au AI haipokelewi. Lazima asome mtu.

## Hatua ya 7: Edit

Kwanza hifadhi mradi wa Audacity, na nakala kwenye fleshi. Usifanye kazi kwenye nakala pekee.

Sikiliza na hedifoni, maandishi mbele yako. Fuata miiba ya makofi, kata sentensi mbovu pamoja na kofi lake, acha ile nzuri. Hakikisha umekata mbovu na sio nzuri, inatokea. Ukimya mrefu kupita kiasi ndani ya sura ufupishe, ila acha pumzi za kawaida. Msomaji asiyehema anatisha.

Kupunguza kelele: chagua zile sekunde 5 za ukimya, fungua Noise Reduction, ichukue kama sampuli, kisha chagua faili lote na upunguze kwa 6 mpaka 9. Usiende 24 kwa tamaa. Ukizidisha, kelele inatoka na sauti yako inatoka nayo, inabaki na mlio wa bati mwisho wa kila neno. Kama kelele haitoki kwa 9, rudi hatua ya 2, tatizo ni chumba.

Mwisho pima ukimya: mwanzo wa faili nusu sekunde mpaka sekunde moja, mwisho wa faili sekunde 5. Hizo sekunde 5 za mwisho ndo zinazosahaulika kuliko kitu kingine chochote. Tumia ukimya wa chumba chako uleule uliosafishwa.

Kuedit kunachukua mara mbili au tatu ya urefu wa rekodi. Ukimaliza haraka zaidi ya hapo, hukusikiliza.

## Hatua ya 8: Sauti 89, na kutoa MP3

Toa faili la MP3: mono, 44100 Hz, 128 kbps, na bitireti iwe ile isiyobadilika. Jina liwe herufi ndogo, bila nafasi, kwa mtindo waliouandika kwenye ukurasa wa mradi, kawaida unafanana na huu: jinalakitabu_05_mwandishi_128kb.mp3. Usitume faili la mradi la Audacity, lile linaloishia na aup3, hawawezi kulisikiliza.

Sasa lifungue kwenye Checker. Itakuambia kila kitu: kama ni mono, kama ni 128, na ukubwa wa sauti kwa desibeli. Unatakiwa uwe karibu na 89. Ikisema 83, rudi kwenye mradi, chagua yote, fungua Amplify, ongeza 6, toa MP3 upya. Ikisema 93, punguza 4. Hesabu ya darasa la pili.

Amplify ikikataa, yaani kitufe cha OK kimefifia, maana yake kuna kilele kimoja mahali, kikohozi au "p" iliyolipuka, kinazuia. Kitafute kwa macho, kipunguze peke yake, jaribu tena. Usitiki kile kisanduku cha kuruhusu sauti ipasuke.

*Umefaulu kama:* Checker haina malalamiko, na ukisikiliza dakika moja ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, sauti ina ukubwa ule ule.

## Hatua ya 9: Pakia, na umsikilize anayekusikiliza

Pakia kwa njia waliyoelekeza kwenye mradi, alafu weka linki na muda wa sura. Usiku bando la usiku ni rahisi, tumia hilo.

Sasa msikilizaji wa ukaguzi atasikiliza sura yako yote. Naye anajitolea, ana kazi zake, kwa hiyo ikipita wiki usianze kulia. Akikuta kitu ataandika dakika na sekunde, mfano 12:34 sentensi imerudiwa, 17:02 kuna kishindo. Hiyo sio hukumu. Wala sio ubaguzi, nimeshaulizwa hata hilo.

Kurekebisha:

- Sentensi iliyorudiwa: kata tu kwenye mradi, toa MP3 upya. Usiedit MP3 yenyewe, kila ukiihifadhi upya inapungua ubora. Ndo maana nilisema hifadhi mradi.
- Neno lililorukwa: usirekodi neno moja ukalibandika, litajulikana tu. Rekodi aya nzima, saa ile ile ya usiku, umbali ule ule, baada ya kusikiliza aya iliyotangulia ili uingie kwenye mwendo wako wa siku ile.
- Kelele ya nje katikati ya sentensi: rekodi sentensi hiyo na ya mbele yake.

Pima tena Checker, pakia kwa jina lile lile la faili, mwambie umerekebisha. Ukiandikiwa "PL OK" (PL ni proof-listening, ule ukaguzi wa kusikiliza) sura imepita.

Kitabu kinaingia kwenye katalogi sura zote zikishapita, kwa hiyo kama kuna mwenzako amelala na sura ya 22 mtamsubiri wote.

Kabla hujachukua sura ya pili kwenye kitabu hicho hicho, andika kwenye daftari kiwango cha maiki, umbali, namba uliyoongeza kwenye Amplify, na blanketi lilikuwa wapi. Msikilizaji anazipiga sura zako mfululizo, na ukibadilisha chumba kati ya sura ya 5 na ya 9 atasikia.